Saratani ya Mapafu: Tuulize Kabla ya Kukata Tamaa



Alitujia mama mmoja baada ya sala ya alasiri, machozi yakimlengalenga. Mumewe ana saratani ya mapafu, na tabibu amesema upasuaji haufai. Wanawe wakashika kwamba baba ameachwa afe. Mama akatuuliza: je, mlango wa tiba umefungwa?

La, haujafungwa. Maradhi haya si ya namna moja, wala dawa yake si moja. Kwanza madaktari hutoa kinyama kidogo cha uvimbe na kukipima, wajue ni saratani ya chembe ndogo, ambayo huenea upesi, au ile nyingine ambayo wagonjwa wengi ndiyo waliyo nayo. Kisha hutazama imefika wapi mwilini.

Ikiwa ingali mahali pamoja na mgonjwa ana nguvu, kukata sehemu ya pafu huweza kumponya. Asiyeweza kupasuliwa huenda akatibiwa kwa miale, pengine pamoja na kemotherapi. Iliyoenea hupunguzwa kwa dawa, na umri ukarefuka kwa idhini ya Mola. Vipo pia vidonge vinavyolenga kasoro maalumu za chembe za saratani, na dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Hizi hazimfai kila mgonjwa, na bei yake ni ghali.

Maumivu nayo yana tiba. Wako wanaoikataa mofini wakidhani ni kileo; lakini dawa itolewayo na tabibu kwa kipimo, kwa ajili ya kuondoa maumivu, si ulevi. Hapa Mombasa tunayo Coast Hospice kwa huduma hiyo, nayo si ya wanaokata roho pekee.

Basi tumuulize tabibu: Ni aina gani? Imefika wapi? Tiba hii ni ya kuponya au ya kupunguza? Ina madhara na gharama gani? Na mgonjwa mwenyewe awepo asikie, kwani mwili ni amana yake. Kujitibu hakupingani na kutawakali.

Yule mama alirudi hospitali pamoja na mumewe, wakauliza. Wakaelezwa kuwa atatibiwa kwa miale na kemotherapi. Hakuwa ameachwa, hakuna aliyekuwa ameuliza.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.