Tai, Simba na Mwanakondoo

Watawala waliopita pwani hii ya Mtwara walitanguliza wanyama.

Mjerumani alijenga boma Mikindani mwaka 1895, na nembo ya Kaisari wake ilikuwa tai. Tai huyo alikuwa hata kwenye pesa ndogo ya shaba ya mwaka 1890. Mwaka 1894 alivuka mlango wa Ruvuma akaitwaa Kionga, hadi Mreno alipoichukua mwaka 1916. Kisha akaja Mwingereza na nembo ya mfalme wake: upande mmoja simba, upande wa pili farasi wa kubuni mwenye pembe moja. Shilingi yake nayo ilibeba simba.

Wafalme walipenda makucha, meno na pembe, ili anayetazama aogope.

Danieli aliwaona zamani. Katika sura ya 7 anasimulia ndoto ya wanyama wanne wakipanda kutoka baharini, wa kwanza simba mwenye mabawa ya tai. Hizo ni falme za dunia. Lakini mwisho wa ndoto, mamlaka hayapewi mnyama wa tano. Anapewa mmoja mwenye sura ya mtu. Naye Yohana, katika Ufunuo 5, anaambiwa habari za Simba wa Yuda. Anapotazama, anamwona Mwanakondoo aliyechinjwa.

Itazame sasa Ngao yetu ya Taifa, ile ambayo wengi tunaiita Bibi na Bwana. Wanaoisimamia ni mwanamume na mwanamke, na ndani yake mna jembe na shoka pamoja na mkuki na mwenge. Ni picha nzuri, maana ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Hata hivyo, kubadili nembo ukutani ni rahisi kuliko kumfukuza mnyama moyoni. Msimu wa korosho humfichua. Karani anayempunja mkulima kwenye mzani ana makucha. Mnunuzi wa kangomba anayengoja njaa ya mjane ili achukue korosho zake kwa bei ya kutupa, ana makucha. Hata mzee wa kanisa anayefurahi kuogopwa na waumini, ana makucha. Katika Marko 10 Yesu aliwakataza wanafunzi wake utawala wa namna hiyo. Kwake mkubwa ni yule anayetumikia.

Wiki hii, unapokutana na mtu aliye chini ya mamlaka yako, awe mtoto, kibarua au mkulima kwenye foleni, jiulize anaona nini usoni mwako.

Ee Bwana, utuondolee makucha, utupe moyo wa Mwanakondoo. Amina.