Kutoka Jikoni hadi Dandora: Utunzaji wa Mazingira katika Nyumba za Eastlands

Ushauri mwingi kuhusu maisha ya kijani, yaani namna ya kuishi inayopunguza taka, moshi na upotevu wa maji na miti, huandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye ua, mwenye paa lake mwenyewe na mwenye akiba ya kununua mitambo ya sola. Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi haikosi watu wa namna hiyo, hasa Buruburu na Donholm, lakini mkazi wa kawaida wa huko ni mpangaji, na historia ya makazi imekuwa ikimpunguzia nafasi kizazi baada ya kizazi. Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, ulipangwa kwa nyumba za chini zilizozungukwa na nyasi na miti, kwa kufuata fikra za wapangaji miji wa Uingereza walioamini kwamba mfanyakazi wa mjini naye anahitaji bustani. Umoja, uliofuata katika miaka ya 1970, nao ulianza kwa nyumba za chini zenye nyua, ila nyingi za nyua hizo zimekwisha kumezwa na maghorofa ya kupangisha. Na huko Pipeline, Embakasi, familia nzima huweza kuishi katika chumba kimoja cha ghorofa ya sita, ikichangia bomba na choo na majirani. Kwa mpangaji huyo, orodha ndefu ya mambo mema haina msaada mkubwa. Linalomfaa ni kujua ni tendo lipi, miongoni mwa yaliyo ndani ya uwezo wake, lenye matokeo makubwa kwa gharama ndogo, na jibu linalotetewa hapa ni kwamba tendo hilo ni kuweka chombo cha pili cha taka kando ya kile cha kwanza.

Sababu yake hueleweka mara mtu anapochunguza kilichomo ndani ya taka zenyewe. Nairobi inakadiriwa kuzalisha takribani tani 2,400 za taka kila siku, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni taka zinazooza: maganda ya viazi na ndizi, vikonyo vya sukuma wiki, mabaki ya ugali na githeri, makapi ya majani ya chai. Taka hizo zikiwa peke yake hazina madhara makubwa, kwa kuwa udongo na mifugo huzimaliza. Tatizo huanza zinapochanganywa na vitu vikavu, kwa sababu unyevu wake huharibu karatasi na katoni zisifae tena, hung'ang'ania kwenye plastiki, na hugeuza mfuko mzima kuwa mzigo usio na bei. Chupa kavu ya plastiki ina mnunuzi wake, na kopo la bati lina mnunuzi wake pia katika vibanda vya chuma chakavu vilivyojaa mitaani, lakini chupa iliyolala siku tatu ndani ya mabaki ya maharagwe haina thamani mpaka ioshwe, na maji ya kuoshea, kwa wakazi wengi wa Eastlands, hununuliwa kwa mtungi.

Mfuko uliochanganywa huishia Dandora, katika jaa lililoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na likaendelea kupokea malori miaka yote iliyofuata. Katika rundo hilo, taka zinazooza bila kupata hewa hutoa methani, gesi isiyoonekana ambayo, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, hupasha joto angahewa takribani mara 28 zaidi ya hewa ya ukaa yenye uzito ule ule, na ambayo pia hushika moto na kuchangia moshi unaofuka jaani. Majimaji yanayochujika kutoka kwenye taka hutiririka kuelekea Mto Nairobi, unaopita kando ya jaa hilo. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 na UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira ambalo makao yake makuu yako Gigiri, katika jiji hilo hilo, uliwapima watoto 328 wa maeneo yanayolizunguka jaa na kukuta kwamba nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Risasi inayozungumziwa hapa ni metali ambayo ikiingia mwilini hudhuru ubongo wa mtoto anayekua. Inafaa ikumbukwe kwamba Dandora ni mtaa wa watu, uliopimwa na kugawiwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na kwa hiyo mkazi wa Kayole au Komarock anayedhani ametupa taka zake mbali amezitupa kwa jirani.

Namna ya kutenganisha ni rahisi. Ndoo yenye kifuniko huwekwa karibu na mahali pa kupikia kwa ajili ya vitu vinavyooza, na gunia huwekwa kando kwa ajili ya vikavu; majivu kidogo ya jiko au vumbi la mbao likinyunyizwa ndani ya ndoo kila jioni hupunguza harufu na kuwafukuza nzi. Maganda na vikonyo hupokelewa kwa furaha na wafugaji wa sungura, kuku na mbuzi, ambao hawajawahi kuisha Eastlands licha ya msongamano wake. Yanayobaki yanaweza kufanywa mboji, yaani mbolea inayotokana na mozo wa mimea, katika pipa lililotobolewa matundu ubavuni ili hewa ipenye: tabaka moja la taka mbichi hufunikwa kwa tabaka nene zaidi la majani makavu au katoni zilizochanwa, na mchanganyiko hugeuzwa kila wiki mpaka uwe mweusi na unuke kama udongo baada ya mvua, jambo ambalo huchukua miezi miwili mitatu au zaidi. Nyama, mifupa na mafuta havitiwi humo, kwa sababu huwaita panya, na ploti, yaani jengo la wapangaji, iliyoita panya haitakubali tena kusikia habari za mboji.

Mboji hiyo hupata kazi katika bustani ya gunia, mbinu iliyoenea katika mitaa ya mabanda ya Nairobi hasa baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, familia nyingi zilipokosa chakula. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na mboji, huku safu ya kokoto ikiachwa katikati kutoka chini hadi juu ili maji yashuke na kufika kila upande, kisha miche ya sukuma wiki, mchicha au managu hupandwa juu na katika matundu yaliyokatwa ubavuni, hivi kwamba eneo dogo kuliko la kiti huzaa mboga za milo kadhaa kila wiki. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 inatambua kilimo cha mjini, kwa hiyo mwenye gunia lake si mkosaji, mradi mwenye nyumba ameridhia. Tahadhari moja ni ya lazima: udongo usichotwe karibu na jaa, gereji, barabara kuu au kingo za mto, wala mboga zisimwagiliwe maji ya mto huo, kwa maana metali nzito hazionekani wala hazitoki kwa kuoshwa.

Kuhusu vitu vikavu, Wakenya wamekwisha kuthibitisha kwamba mazoea ya nyumbani yanaweza kubadilika kwa muda mfupi. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea, ile iliyoitwa juala, ilipigwa marufuku kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo, na mama mboga aliyekuwa akifunga nyanya za shilingi kumi kwa mfuko wake alilazimika kutafuta njia nyingine katika wiki hizo hizo. Kikapu kilirudi. Chupa na vifungashio havikuondoka, na ndivyo vinavyoziba mitaro wakati wa masika, kama ilivyodhihirika katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyobomoa na kusomba makazi kandokando ya Mto Mathare.

Jambo la pili kwa uzito, baada ya taka, ni moto wa kupikia, na hapa Eastlands ina historia ambayo haisimuliwi inavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa nishati nchini, wakiegemea mfano wa jiko la ndoo la Thailand, walishirikiana na mafundi wa jua kali kubuni jiko la makaa lenye umbo la kiuno chembamba, ambalo sehemu yake ya juu imewekewa ndani bakuli la udongo wa kuchoma. Bakuli hilo huzuia joto lisipotee ubavuni kama lilivyopotea katika jiko la bati tupu, na makaa yanayookolewa hukadiriwa kufika theluthi moja au hata zaidi, ikitegemea ubora wa jiko na uangalifu wa mpishi. Mafundi wa Shauri Moyo, Gikomba na Kamukunji walilifua kwa maelfu, na umbo lake limeigwa katika nchi nyingi za Afrika. Theluthi hiyo si ndogo, kwa sababu matanuru ya kienyeji ya udongo huhitaji kilo 7 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya makaa, na kila debe linaloachwa kununuliwa Jericho ni miti inayobaki imesimama Kitui au Narok. Ufa katika bakuli hupunguza faida yote, kwa hiyo ni busara kununua bakuli jipya kwa fundi kabla ya kulitupa jiko zima. Vumbi linalobaki chini ya gunia la makaa nalo lisitupwe: likikandwa na udongo kidogo au karatasi iliyolowekwa, kisha likaanikwa, huwa madonge yanayowaka polepole, yafaayo sana kwa githeri. Hata hivyo jiko bora linalookoa miti linaweza kuua mtu, kwani makaa ya kila aina hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na halipasi kamwe kuwashwa au kuachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa madirisha.

Wenye umeme wana chaguo ambalo wengi hulikwepa kwa hofu ya gharama. Karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Mto Tana, upepo wa eneo la Ziwa Turkana na jua, na kwa hiyo sufuria ya umeme ya presha, inayochemsha maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha kwa muda mfupi na kuacha kuvuta umeme joto likitosha, ni safi kuliko makaa na mara nyingi hushindana nayo kwa bei. Mwenye kuitumia aangalie tu jumla ya tokeni zake za mwezi, kwa kuwa bei ya yuniti hupanda nyumba inapovuka yuniti 30, na hupanda tena inapovuka 100. Katika kubana matumizi, watu huhangaika na taa ilhali mlaji mkubwa yumo bafuni: shawa ya umeme ya wati 5,000 ikitumika dakika 10 humaliza umeme ambao ungewasha balbu ya wati 9 kwa zaidi ya saa 90, yaani takribani majioni 18 ya saa tano tano.

Kuhusu maji hakuna haja ya kurefusha maneno, kwa sababu mgao umekwisha kuwafundisha wakazi zaidi ya mwalimu yeyote. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, na maji hayo husafiri mbali kabla ya kufika bombani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yafae gunia la sukuma wiki, na yale ya kufulia yafae choo. Paa la mabati la mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hupokea karibu lita 200, kiasi cha mitungi 10 ya lita 20, ambacho kwa sasa huachwa kimiminikie mtaroni.

Yote haya hushindikana yakifanywa na nyumba moja tu katika ploti ya nyumba 40. Ndiyo maana mifano yenye nguvu zaidi ni ya pamoja, kama ile ya vijana wa Dandora Transformation League, ambao wamewahamasisha wakazi kusafisha na kupamba nyua wanazochangia, wakipanda miti na maua palipokuwa na taka. Desturi hiyo si ngeni Eastlands: tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti 7 Kamukunji, na hapo ndipo lilipoanzia Vuguvugu la Ukanda wa Kijani.

Hata hivyo si haki mzigo wote kumtwika mpangaji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mwananchi atenganishe taka zinazooza na zisizooza, lakini inazitaka serikali za kaunti nazo ziwe na vituo vya kuchambulia na kurejeleza taka, na gari linalozikusanya aina zote mbili na kuzichanganya upya ndani ya tela moja humfanya aliyetenganisha aonekane mjinga. Wapangaji wa kila ploti na waweke mapipa mawili chini ya ngazi, wamtake msimamizi aandikiane na kikundi cha wazoaji kitakachoyabeba mbalimbali, na wakisha kufanya hivyo wamwendee mwakilishi wa wadi yao kumdai kituo ambacho sheria imekwisha kukiagiza.