Kompyuta Nzito na Kosa la Kuisingizia RAM

Kompyuta ya nyumbani ikianza kuwa nzito, hukumu hutoka mapema: RAM imejaa. Mtu hufungua dirisha la Task Manager, akaona asilimia 80 au 85 chini ya neno Memory, na kuanzia hapo kila ushauri anaoupata unalenga kuishusha namba hiyo. Mmoja atamwambia apakue programu ya kusafisha kumbukumbu, mwingine aongeze RAM, na fundi atamwambia ailete mashine aipigie Windows upya. Wote watatu wameanzia kwenye namba isiyosema mengi. Kumbukumbu kujaa, peke yake, hakumcheleweshi mtu. Kinachochelewesha ni safari za kwenda na kurudi kwenye diski, na safari hizo zina vipimo vyake kwenye dirisha lilelile, ila wachache huvitazama.

Tuichukulie RAM kuwa rafu za dukani, na diski kuwa ghala. Mwenye duka hasikitiki kuona rafu zimejaa. Rafu tupu ndiyo dalili ya biashara kulegea. Mifumo endeshi ya leo inafikiri hivyohivyo. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, Windows huitumia nafasi iliyobaki kwenye RAM kuweka tayari programu na mafaili inayotarajia utayahitaji, na programu nyingine ikitaka nafasi, akiba hiyo huachiliwa papo hapo. Ndiyo maana namba ya kutazama ni ile iliyoandikwa Available, inayojumlisha nafasi tupu pamoja na akiba inayoweza kuachiliwa. Apple walikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2013 Mac humwonyesha mtumiaji grafu ya shinikizo la kumbukumbu, ya kijani, njano au nyekundu, na Mac ambayo GB 8 zake zimetumika karibu zote yaweza kushinda kwenye kijani.

Shida huanza pale bidhaa zinazoulizwa kwa wakati mmoja zinapozidi rafu. Hapo mfumo huchukua kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaguswa kwa muda, kwenye Windows kila ukurasa KB 4, na kuzipeleka kwenye faili maalumu ndani ya diski. Zikihitajika hurudishwa, na ili zipate pa kukaa, nyingine lazima zitoke. Ujanja huu ni wa zamani, ulitumika kwenye kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1962, na bila huo programu zingekatika njiani kila siku. Lakini tazama gharama yake. Diski ya laptop ya mtumba, kama bado ni ya kuzunguka, kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kichwa cha kusoma lazima kwanza kisogezwe hadi kwenye mstari unaotakiwa, kisha kisubiri sehemu husika ya sahani izunguke hadi ilipo. Safari moja hula kama milisekunde 15, wakati RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Tukiukuza muda huo ili kitu cha rafuni kipatikane kwa sekunde 1, basi cha ghalani kitachukua zaidi ya saa 40. SSD, ambayo haina kinachozunguka, itachukua robo saa na ushee. Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning aliichambua hali ambayo mashine inamaliza muda wake ikibeba kurasa huku na huko badala ya kufanya kazi iliyopewa. Anayefungua Word huku kivinjari kina vichupo 20 kwenye mashine ya GB 4 anaijua hali hiyo bila kuisoma popote: taa ya diski haizimi, kipanya kinatambaa, na herufi zinatokea kwa mkupuo baada ya kimya kirefu.

Basi fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja mashine ikiwa nzito hasa, si baada ya kutulia. Diski ikionyesha asilimia 100 huku kasi ya kusoma na kuandika ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, usidhani kipimo kimeharibika. Diski hiyohiyo hunakili filamu kwa MB 80 kwa sekunde kwa kuwa filamu imepangwa mfululizo. Hapa inahangaika na vipande vidogo vilivyotawanyika, na muda wote unaishia kwenye kusogeza kichwa. Ikiwa wakati huo Available imebaki MB mia mbili au tatu, RAM imeelemewa kweli. Ikiwa ziko GB 2 na diski bado inasoma 100, RAM haihusiki: pengine antivirasi inapekua mafaili, Windows inaweka masasisho, au diski yenyewe inakufa, na kwa hilo la mwisho, picha na nyaraka zihamishwe leo, mengine baadaye. Prosesa ikiwa ndiyo iliyoko juu, kagua feni na vumbi kabla ya kununua chochote. Na vyote vikiwa vimetulia huku tovuti hazifunguki, laumu bando.

Mtu atauliza: mbona nikiendesha programu ya kusafisha RAM, namba inashuka kutoka 85 hadi 50 mbele ya macho yangu? Inashuka kweli. Nyingi ya programu hizo huuamuru mfumo uziondoe kurasa za programu zilizo wazi, na kurasa zilizokuwa zimebadilishwa hupangwa foleni ya kuandikwa diskini. Umeshusha bidhaa rafuni wakati wateja wako kaunta. Ukirudi kwenye kivinjari, kurasa zilezile huitwa tena, na safari unazozikimbia umeziongeza mwenyewe. Kufunga vichupo ni jambo jingine, maana kunapunguza kinachoulizwa.

Hoja ya kupiga Windows upya ina uzito zaidi, kwa sababu mashine hurudi nyepesi kweli. Sehemu kubwa ya wepesi huo hutokana na kutoweka kwa programu zilizokuwa zikijiwasha pamoja na mashine, na hizo waweza kuzizima mwenyewe kwenye ukurasa wa Startup wa Task Manager. Zisipozimwa, miezi sita baadaye zitakuwa zimerudi, na fundi atakuwa na kazi tena. Kuna na jingine: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwenye mashine nyingi kuzima kwa Shut down hakuanzi upya kila kitu, kwani kiini cha mfumo huhifadhiwa diskini ili uwashaji uwe wa haraka. Anayezima kila usiku huenda hajaianzisha mashine upya kwa wiki tatu. Chagua Restart.

Ikibidi kununua, mwenye GB 4 na diski ya kuzunguka aanze na SSD, ingawa RAM yake ni ndogo kweli. Inamfupishia kila safari, zikiwemo zile ambazo RAM isingezizuia, kama kuwasha mashine na kufungua programu kwa mara ya kwanza. Wapo wanaoogopa kwamba kurasa za kumbukumbu zitaichakaza. Tupige hesabu: SSD ya A400 ya Kingston ya GB 240 imekadiriwa na mtengenezaji wake kubeba TB 80 za kuandikwa; ukiiandikia GB 20 kila siku, hiyo ni miaka kumi na kitu, na laptop yenyewe haitafika huko. RAM ifuate baadaye, lakini kabla ya kwenda Kariakoo au Luthuli Avenue fungua mfuniko uone kama kuna nafasi ya kuichomeka, maana laptop nyembamba nyingi huwa nayo imelehemiwa kwenye bodi, na RAM ya aina ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3 hata kwa nguvu. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukiichomekea 8, na muuzaji hatakuuliza.