Sonona Wakati wa Ujauzito: Uchovu Usioponywa na Vidonge vya Kuongeza Damu

Mama mjamzito anapofika kliniki hupimwa uzito, shinikizo la damu, mkojo na kiwango cha damu. Tumbo hupimwa, na mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa. Akisema kwamba hapati usingizi, hana hamu ya chakula na mwili umemwishia nguvu, mara nyingi hujibiwa, "Ndiyo hali ya ujauzito, mama, vumilia." Kisha hupewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Kwa foleni ya asubuhi, jibu hilo linaeleweka. Hata hivyo, baadhi ya akina mama hao hurudi nyumbani na ugonjwa ambao hakuna aliyewauliza habari zake, nao ni sonona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, wanawake wapatao 16 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili wakati wa ujauzito, hasa sonona, na wapatao 20 katika kila 100 baada ya kujifungua. Wengi tunaowapokea wakiwa na kichanga mkononi hutueleza kwamba huzuni ilianza mimba ikiwa bado changa. Ugonjwa huu si uvivu, si upungufu wa imani, wala si dalili kwamba mama hampendi mtoto wake.

Jinsi ujauzito unavyoificha sonona

Ugumu upo hapa: uchovu, kukosa usingizi na mabadiliko ya hamu ya kula ni dalili za sonona, na pia ni mambo ya kawaida ya ujauzito. Anayetazama mwili peke yake hawezi kutofautisha. Tofauti hujitokeza katika furaha na matumaini. Mjamzito aliyechoka kwa kawaida hupata nafuu akipumzika. Bado hucheka na wenzake, na mtoto akicheza tumboni hufurahi. Mwenye sonona huwa na huzuni au hali ya kutojali karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Yaliyompendeza zamani hayampendezi tena. Hujiona mzigo, hujilaumu, hushindwa kutuliza mawazo, na pengine hukasirika kwa jambo dogo. Wengine hawalii kabisa. Hulalamikia kichwa, mgongo au moyo kwenda mbio.

Upungufu wa damu nao upimwe na kutibiwa, lakini mama anaweza kuwa na yote mawili.

Maswali mawili ya kuuliza kliniki

Mtoa huduma anaweza kuanza na maswali mawili. Je, katika mwezi uliopita umesumbuliwa mara kwa mara na huzuni au kukata tamaa? Je, umesumbuliwa mara kwa mara na kukosa hamu au furaha katika mambo unayoyafanya? Jibu la "ndiyo" kwa swali lolote halithibitishi ugonjwa, bali lafaa kufuatwa na tathmini kamili. Dodoso la Edinburgh, lililochapishwa mwaka 1987, lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na linatumika hata wakati wa ujauzito.

Muulize mama akiwa peke yake. Mbele ya mume au mama mkwe, anayepigwa nyumbani atasema yuko salama. Uliza pia kama aliwahi kuugua sonona, kama alipoteza mimba au mtoto, na kama ana mtu wa kumtegemea. Mwisho, uliza waziwazi kama amewaza kujidhuru au kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo jipya; humfungulia njia ya kusema. Akikubali, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyohiyo.

Tiba ipo

Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo ya tiba huanza kwanza, na hayamhitaji bingwa daima. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistani, wahudumu wa afya wa jamii walifunzwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona na kuwasaidia kubadili mawazo yanayowavunja moyo. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, miezi 6 baada ya kujifungua asilimia 23 ya akina mama hao walikuwa bado na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wenzao waliotembelewa bila mafunzo hayo.

Sonona kali huweza kuhitaji dawa. Ziko zinazotumika katika ujauzito kwa uangalizi wa daktari, ambaye hupima madhara ya dawa pamoja na madhara ya kuuacha ugonjwa, yakiwemo kukosa kliniki, kutokula vema na hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Anayetumia dawa tayari asiiache ghafla kwa sababu ameshika mimba; amwone daktari kwanza.

Kwako mama, na kwa walio nyumbani

Ukijitambua katika maelezo haya, usingoje kuulizwa. Mwambie mkunga, "Moyo wangu hauko sawa, nina wiki kadhaa sina furaha." Chagua mtu mmoja unayemwamini naye ajue. Kila siku panga jambo moja dogo unaloliweza: kutembea jioni, kuoga na kubadili nguo, kuketi na jirani. Kula hata kidogo kidogo, lala mapema, epuka pombe. Haya husaidia tiba, hayachukui nafasi yake.

Mume, mama na dada, pokeeni ndoo na kazi nzito, msindikizeni kliniki, na mumsikilize bila kumhukumu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama huvua nguo mbele ya mkunga ili mtoto azaliwe salama. Na huzuni pia aisimulie bila haya, nasi tulioketi upande wa pili wa meza tuwe wa kwanza kuuliza.