Fahamu: Vinasaba vinavyofichua tembo alikouawa

Shehena ya pembe za ndovu ikinaswa bandarini, makaratasi huonyesha ilikopakiwa tu, tena mara nyingi kwa uongo. Tembo waliuawa wapi? Jibu limo ndani ya pembe zenyewe: vinasaba, yaani DNA.

Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walikusanya kinyesi cha tembo kutoka pande nyingi za Afrika. Kinyesi hubeba seli za utumbo wa mnyama, na tembo wa eneo moja hukaribiana kinasaba kuliko wa mbali. Hivyo ikapatikana ramani. Kipande kidogo cha pembe hukatwa, hugandishwa kwa baridi kali na kusagwa kuwa unga, kisha vinasaba vyake hulinganishwa na ramani hiyo.

Matokeo ya mwaka 2015 yanauma: pembe nyingi za tembo wa savana zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Kufikia 2014 walibaki 43,000 hivi.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ulikuja 2018. Pembe mbili za tembo mmoja zilikutwa katika shehena mbili tofauti, zilizopitia bandari moja kwa nyakati zinazokaribiana. Mitandao mikubwa mitatu ya magendo ikajitokeza, yenye vituo Mombasa, Entebbe na Lomé. Mfanyabiashara anayeshtakiwa kwa shehena moja sasa anaweza kuunganishwa na nyingine kadhaa, na kesi yake ikawa nzito zaidi.