Mavazi ya Mwezini na Haki ya Mtu wa Geita

Majarida ya mitindo ya huku Uingereza yamerudia tena buti jeupe, gauni la rangi ya fedha na miwani mipana kama kioo cha helmeti, na maelezo yake ni yale yale: Paris, André Courrèges na mavazi yake ya 1964, Pierre Cardin, halafu Paco Rabanne na magauni ya 1966 yaliyoungwa kwa pete za chuma. Yote ni kweli. Kinachokera ni kwamba Mwafrika akivaa hivyo huambiwa anaiga wazungu, anaazima kumbukumbu isiyo yake, na mara nyingi wanaomsema ni ndugu zake mwenyewe. Nabisha. Mtu wa Shinyanga au Geita, kwenye dhahabu ya Tanzania, anaudai mtindo huu kihalali kuliko wengi wanaouandikia.

Tazama tarehe. Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya mradi wa anga wa Mercury. Kikafungwa 1964, mwaka ule ule wa Courrèges. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, enzi ambazo wakia moja ya dhahabu ilikuwa imefungiwa dola 35 na kuchimba chini zaidi hakukulipa. Tarehe 1 Januari 1969 Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ikaanza kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Julai mwaka huo binadamu akatua mwezini, kioo cha nje cha helmeti yake kimepakwa utando mwembamba wa dhahabu wa kukinga mwanga na joto la jua. Kwa hiyo wenzetu wanakumbuka nguo walizovaa. Sisi tulikatazwa tulipoanza kuzijaribu, na kitu tulichonyimwa kukivaa hatuwezi kuambiwa tunakifufua. Mwonekano huo ulitufikia baadaye, kwa mlango wa kazi: mgodi wa Geita ulipofunguliwa upya 2000, na wa Bulyanhulu 2001, zikaja helmeti zenye taa, gambuti, ovaroli zenye mistari inayong'aa usiku. Huko Mirerani wachimbaji wa tanzanaiti huitwa wanaapolo, kwa jina la safari za mwezini za Apollo, na hakuna anayeshangaa.

Atakayesema reflekta ni kifaa cha usalama, si mtindo, akumbuke kwamba Courrèges alisomea uhandisi na Rabanne usanifu majengo, naye alishika koleo mahali pa sindano. Nairobi, msanii Cyrus Kabiru anaunda miwani ya ajabu kwa vyuma chakavu, na haombi ruhusa Paris. Pingamizi zito zaidi ni jingine: mchimbaji mdogo hushuka duarani na tochi ya kichwani na kandambili, hana hiyo helmeti. Ni kweli, na ndiyo sababu vazi la mgodi mkubwa lina hadhi Kahama, jirani na Bulyanhulu. Linasema mvaaji ana ajira ya mkataba. Mtindo umekuwa ukijengwa juu ya tamaa ya namna hiyo siku zote.

Huku Uingereza reflekta ni habari nyingine kabisa. Wanafunzi wakipelekwa makumbusho hupangwa wawili wawili wakiwa na vizibao vya njano, mwendesha baiskeli anacho, farasi anacho, hata mbwa anatembezwa jioni akiwa nacho. Nchi yenye taa kila kona inajivika kana kwamba inaingia shimoni! Watoto tunaowalea hapa wanakua wakilijua vazi hili kama kinga ya kugongwa na gari. Wanazitaja sayari zote kwa mpangilio, wanavaa suti ya mwanaanga kwenye sherehe za kuzaliwa, na Bulyanhulu hawajaisikia, kwa sababu vitabu vya shule vinavyowaeleza roketi haviwaelezi dhahabu ya kwenye kioo inachimbwaje. Wakifika umri wa kujipamba watafundishwa kwamba walianzia kwa Courrèges. Sisi wazazi tuwahi kuwatajia Geita, hata kama watatuona washamba. Wakiuliza kizibao cha mbwa nacho kilitoka wapi, hapo mimi sina la kusema.