Lugha ya Fundi Isibaki Gerejini

Wapo wasomi wetu ambao hadi leo hudai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya ufundi. Kwa maoni yangu, dai hilo halina mashiko. Anayelishikilia hajapata kusimama katika gereji ya jua kali hapa Eldoret na kutega sikio.

Chukua mfano wa trela kuukuu ya kusafiria, yaani nyumba ndogo inayokokotwa nyuma ya gari. Baadhi ya trela hizo zina paa linaloshushwa safarini ili kupunguza upepo, kisha likainuliwa kambini kwa umeme. Magari ya watalii ya Maasai Mara nayo yana paa la kuinuka, ila aghalabu huinuliwa kwa mikono. Mwezi uliopita nilimkuta fundi mmoja mjini humu akihangaikia trela ya namna hiyo. Paa lake lilikuwa limegoma.

Fundi hakukimbilia spana. Aliuliza kwanza: "Ukifinya swichi, mota inalia ama imenyamaza?" Swali hilo liligawa tatizo sehemu mbili. Mota ikinyamaza, kasoro itafutwe katika njia ya umeme: betri, fyuzi, swichi, au waya wa ethi, ambao huingia kutu pale ulipofungwa kwenye chasisi. Mota ikilia na paa lisipande, huenda gia imelika meno, kamba ya chuma imekatika, au, kwa trela zenye pampu, mafuta yamevuja. Pembe moja ikichelewa, kamba yake imelegea au kapi limekwama.

Mota ilikuwa kimya. Akapima betri ya volti 12, akaikuta nzima. Akapima kwenye mota huku swichi ikiwa imefinywa, akakuta umeme haba. Akafungua waya wa ethi, akaukwangua kutu, akaufunga tena. Paa likapanda.

Hiyo, msomaji, ni mantiki kamili: kutoka kilicho rahisi hadi kilicho ghali, bila kukisia. Nayo ilielezwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Zaidi ya hayo, mwanagenzi alipotaka kuingiza mkono chini ya paa, fundi alimzuia: "Weka gogo kwanza, kijana. Kamba ikikatika, utabanwa." Alielewa papo hapo. Vitabu vya maelezo vya mitambo hii navyo hutoa maonyo, lakini kwa Kiingereza. Kijana asiyeyaelewa anaweza kupoteza vidole, hata maisha.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, masomo ya ufundi yangali yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Wapinzani watasema kwamba mota na fyuzi ni maneno ya kuazima. Naam, hata msumari tuliuazima kwa Waarabu na parafujo kwa Wareno, na hakuna anayelalamika.

Walimu wa Fizikia na wa Kiswahili wawapeleke wanafunzi gerejini pamoja. Wayaandike maneno ya mafundi, wayapange, kisha wayatumie darasani. Kazi hiyo haihitaji kusubiri kamati wala ruhusa kutoka Nairobi. Inahitaji daftari, kalamu na unyenyekevu wa kumsikiliza fundi.